Kilio cha Pafu la Kushoto

Saa kumi na mbili jioni Eucabeth aliingia sebuleni na birika la chai, na mume wake Gibson akaanza kutoka jasho. Lilianzia kwenye paji la uso, likashuka shingoni, likaingia kwenye kola ya shati alilokuwa amelishona mwenyewe. Eucabeth alimimina chai, akaweka kikombe juu ya kitambaa cha meza, akamfuta mume wake uso kwa ncha ya leso yake.

Mama mkwe wake, Gesare, alikuwa ameketi kwenye kiti karibu na mlango. Kiti hicho zamani kilikaa dirishani. Alikihamisha mwenyewe ili auone vizuri uso wa mwanawe kila mkwe wake anapoingia. Alitazama jasho, akamtazama Eucabeth, akatazama jasho tena. Kisha akachukua kikombe chake, akakinusa, akakirudisha mezani bila kunywa.

"Chai imekosa sukari, mama?" Eucabeth aliuliza.

"Hiyo chai haina shida," Gesare alisema. "Shida si chai."

Nyumba yao ilikuwa juu ya mteremko wa majani chai, mwendo mfupi kutoka soko la Ikonge, ambako Gibson Ogari alikuwa na cherehani kwenye kibaraza cha duka la mbolea. Alikuwa fundi mzuri wa sare za shule na mwimbaji mbaya wa besi. Sauti alikuwa nayo, nzito na ya kupendeza, lakini pumzi ilimwishia katikati ya mstari, na kwaya ya kanisa la Sabato ilikuwa imezoea kumalizia bila yeye. Tangu utotoni alikuwa na kifua. Kila msimu wa mvua ulimlaza. Alikuwa ametibiwa kifua kikuu mara tatu, ingawa makohozi yake hayakuwahi kuonyesha kifua kikuu, kwa sababu mtu anayekohoa namna ile lazima awe na ugonjwa ambao tayari una dawa. Alizungumza kwa vipande, maneno mawili matatu, kisha akasimama kuvuta hewa kama mtu anayepanda mlima na gunia.

Mwaka huu homa ilimshika na haikumwachia. Ilimjia kila siku jua linapozama, saa ileile ambayo Eucabeth alirudi. Kutwa nzima Eucabeth alikuwa shambani akichuma chai, kisha kwenye kituo cha chai akingoja lori la majani pamoja na wachumaji wenzake, na alipofika nyumbani giza lilikuwa linaingia na homa ilikuwa inaingia. Walikutana mlangoni, yeye na homa, jioni baada ya jioni, na watu wakamwona mmoja tu.

Aliyemweleza maana ya jasho hilo ni jirani yao Loice. Eucabeth alikuwa mtu wa Oyugis, Mjaluo, na katika miaka yote ya ndoa yake hakuna aliyekuwa amemwambia habari za amasangia. Loice alimwambia wakiwa shambani, mikono ikiendelea kuchuma. Mke akitoka nje ya ndoa, alisema, hurudi nyumbani na kitu kisichoonekana. Mume akiugua, mke huyo akimkaribia, mume hutoka jasho. Jasho likizidi, mume hufa. Dawa yake ni moja: mke ataje jina la huyo mwanamume mbele ya wazee, halafu mtu wa dawa awatakase wote wawili.

"Na kama hakuna jina?" Eucabeth aliuliza.

"Jina huwa haikosi," Loice alisema, akatupia majani kikapuni nyuma ya mgongo. "Mimi sijasema ni wewe. Nimekuambia tu ujue vile watu wanasema."

Kuanzia siku hiyo Loice alichuma kwenye mstari mwingine.

Obwocha, ndugu mdogo wa marehemu baba yake Gibson, alikuwa mzee wa kanisa, na mambo hayo alikuwa ameyakemea mimbarini zaidi ya mara moja. "Kanisani hatuamini," alimwambia Gesare, akivua kofia. "Lakini kuamini ni kitu ingine na jasho ni kitu ingine." Akapanga jaribio, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki. Asubuhi Loice aliingia chumbani kwa Gibson na uji, na Gibson akabaki mkavu. Mchana akaingia Gesare, na bado alikuwa mkavu. Jioni Eucabeth akaitwa kutoka jikoni, na alipovuka tu kizingiti shati la Gibson likaloa mpaka mgongoni. Obwocha alitikisa kichwa kwa huzuni ya kweli.

Eucabeth aliomba naye aingie mchana, na Obwocha na wazee wenzake wa ukoo wakamruhusu. Siku hiyo hakwenda kuchuma. Aliingia saa sita, akakaa kitandani, akamshika mume wake mkono mpaka uji ukapoa, na Gibson hakutoka hata tone. Hata alicheka kidogo, kwa alivyoweza. Eucabeth aliwageukia wazee na furaha imemjaa usoni.

"Mmeona?"

"Tumeona," Obwocha alisema. "Tumeona unajua saa ya kukuja na saa ya kujificha."

Tangu hapo Eucabeth alilala kwenye jiko la nje, kibanda cha udongo nyuma ya nyumba kubwa, kati ya kuni na gunia la mahindi. Chakula alipika yeye, akakipeleka Gesare. Gesare alisema naye Kiswahili, kama alivyofanya tangu siku ya kwanza, ingawa Eucabeth alikuwa ameshakijua Ekegusii, lugha ya kwao Gesare, hata kile cha kugombana sokoni. Kiswahili kilikuwa lugha ya wageni na ya polisi, na Gesare hakuwa ameona sababu ya kumbadilishia.

Kilio kilianza siku ya Alhamisi. Gibson alikuwa ameketi kitandani akinywa uji wa wimbi, na kifuani mwake, upande wa kushoto, chini kwenye mbavu za mwisho, mtoto mchanga akalia. Kilikuwa kilio cha mtoto aliyezaliwa dakika hiyo, chembamba, chenye hasira, cha kuvuta na kukatika. Gibson alifunga mdomo. Kilio kiliendelea, kikatokea kati ya vifungo vya shati. Gesare, aliyekuwa akifagia, aliacha kufagia. Loice alisikia kutoka ng'ambo ya ua akamwambia mumewe kwamba kwa kina Gibson kuna mtoto. Mumewe akauliza ni wa nani, na kabla Sabato haijaingia jioni ya Ijumaa, swali hilo lilikuwa limefika soko la Nyaramba.

Hakuna aliyeuliza mtoto anawezaje kulia ndani ya mtu mzima. Kulia alikuwa analia, walimsikia. Walichotaka kujua ni wa nani.

Eucabeth alisikia kutoka jikoni. Yeye na Gibson hawakuwa wamejaliwa mtoto, na katika ua ule hakuwahi kusikia sauti kama ile. Ni aibu kusema, lakini alifurahi. Aliangusha mwiko, akawa amefika nusu ya ua kabla ya kukumbuka kwamba haruhusiwi kuingia. Alisimama pale kwenye manyunyu, mikono mitupu, akimsikiliza mtoto mpaka akanyamaza.

Jumapili Obwocha alikuja, akaweka sikio kifuani mwa Gibson, akasikiliza kilio tangu mwanzo hadi mwisho kama anayesikiliza taarifa ya habari.

"Huyu si wa kwetu," alisema. "Watoto wa kwetu wakilia, sauti inashuka. Huyu anapandisha. Hivyo ndio wanalia huko kwa ziwa."

"Baba mdogo, mimi... sijasema kitu," Gibson alisema. "Eucabeth ni... mke mzuri."

"Hakuna mtu amesema ni mbaya. Sisi tunauliza tu."

Lakini neno likishaingia sikioni halitoki kwa kupigwa kofi. Gibson akaanza kumwangalia mke wake kupitia dirishani. Aliangalia anavyofunga leso akienda mtoni, na anakawia kiasi gani. Siku moja alimtuma mama yake amletee simu ya Eucabeth, akapitia majina yote, akapata ndugu zake wawili, karani wa kituo cha chai na mwalimu wa Shule ya Sabato. Aliyasoma mara mbili. Kisha akairudisha simu bila kusema asante, na Eucabeth aliyekuwa akisonga ugali aliipokea kwa mkono wenye unga, akajua kwamba sasa wanaomshuku wamekuwa watatu.

Juma lililofuata Gibson alikohoa damu. Wazee walitaka kwanza wakae chini wazungumze. Eucabeth alisimama katikati ya ua akasema, kwa sauti ambayo Loice aliisikia vizuri, kwamba asipopelekwa hospitali leo atambeba yeye mwenyewe mgongoni kama kikapu cha majani, jasho litoke lisitoke. Wakaenda.

Daktari wa kifua mjini Kisii alikuwa mwanamke mpole mwenye haraka. Alisema mgonjwa aingie na mke wake, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kuachwa nje, waliingia wote wanne, Gesare na Obwocha wakiwa nyuma. Daktari alimwambia Gibson avute hewa kwa nguvu. Mtoto akalia. Daktari alingoja, kifaa kikiwa masikioni, mpaka mtoto akamaliza.

"Kushoto, chini kabisa," alisema. "Ameanza lini?"

"Alhamisi ile... nyingine."

"Wengine hupiga mluzi," daktari alisema, akawasha kompyuta.

Aliwaonyesha picha iliyopigwa asubuhi hiyo. Chini ya pafu la kushoto kulikuwa na kipande cha pafu, ukubwa wa ngumi, kilichokaa peke yake. Hakikuunganishwa na njia ya hewa, na tangu Gibson aumbwe hakikuwa kimepata hata pumzi moja. Damu kilipata kwa mshipa wake wenyewe, uliochomoka kwenye mshipa mkuu unaotoka moyoni. Uchafu ulikuwa umekaa humo na kuoza, ndiyo maana ya homa za jioni na jasho. Hakikuwa kifua kikuu na hakikuwahi kuwa.

"Amezaliwa hivi," daktari alisema. "Hajaambukizwa na mtu."

 Eucabeth alimtazama Obwocha, na Obwocha alikuwa akitazama kalenda ukutani.

"Mama," daktari alimgeukia Gesare, "siku ya kuzaliwa, alilia?"

Gesare alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. "Alilia," alisema.

"Papo hapo?"

"Alilia vizuri."

Daktari alisema kile kipande kitolewe kwa upasuaji. Kikiachwa, siku moja damu itakuja nyingi kuliko mtu anavyoweza kuizuia. Aliwapangia tarehe mwishoni mwa mwezi, akampa Gibson dawa kali za usaha za kutumia mpaka hapo.

Obwocha alimshukuru kwa Kiingereza. Hakubisha kitu mpaka gari liliposimama Keumbu na wauza ndizi wakazunguka madirisha.

"Daktari ameona nyama," alisema hapo. "Sawa. Alizaliwa nayo, sawa. Lakini hiyo kitu imekaa kimya miaka hii yote. Nani ameiamsha?" Alinunua kichana cha ndizi mbivu, akamgawia kila mtu, Eucabeth pia. "Hakuna mtu wa nyumba yetu atalala chini ya kisu kama jina haijatajwa. Akifia huko, ni sisi tutaulizwa tulikuwa wapi."

Gesare alimenya ndizi yake. Alikuwa upande wa dirisha na hakugeuka.

Jumatano mvua ya mawe ilinyesha, ikatoboa majani ya mteremko mzima, na wachumaji wakarudi nyumbani mapema na vikapu vitupu. Eucabeth alipokaribia nyumba alisikia mtoto analia, kisha anatulia kidogokidogo. Mlango ulikuwa wazi. Gibson alikuwa amelala usingizi, kichwa mapajani mwa mama yake, mwanamume mzima mwenye ndevu, na Gesare alikuwa akimpigapiga ubavuni, kushoto, chini, bila kutafuta. Mkono ulipajua mahali. Alikuwa akiimba kwa sauti ndogo, na mtoto alikuwa akimsikiliza.

"Unamjua," Eucabeth alisema.

Gesare hakushtuka. Alipigapiga mpaka kilio kikaisha kabisa, kisha akajibu kwa Ekegusii, lugha ambayo hakuwahi kumpa mkwe wake, na Eucabeth akaelewa kila neno.

Alisema uchungu wa Gibson ulimshika jioni moja, na jioni ya pili mtoto alikuwa bado hajatoka. Wanawake waliomzunguka walimhurumia mwanzoni. Halafu wakaanza kuulizana kwa macho. Halafu wakamwuliza yeye: ni nani? Mtoto hukwama namna ile kwa sababu ya amasangia, kila mtu alilijua hilo. Alisema hakuna mtu. Walimshika miguu wakamwambia mtoto anakufa, taja. Kulikuwa na mchuuzi wa bakuli za mawe kutoka Tabaka, aliyepita kijijini mara moja, na Gesare hakuwa amenunua kwake hata kibakuli cha chumvi. Akamtaja huyo. Mtoto akatoka saa ileile, na kwa hiyo ikawa kweli.

"Akatoka kimya," Gesare alisema. "Midomo ilikuwa myeusi. Alifungua mdomo, hakuna kitu. Pumzi ilikuja, ndogo, lakini hakulia siku ile wala kesho yake. Nilikingoja kilio chake. Nimekingoja mpaka nimeota mvi. Alhamisi ile nilipokisikia, nilikijua."

"Basi waambie wazee," Eucabeth alisema. "Waambie analia yeye mwenyewe. Mama, nakuomba."

"Nikisema hivyo watamkumbuka mchuuzi." Gesare alimfunika Gibson begani. "Baba yake aliniuliza habari za yule mtu mpaka siku ya kufa. Hakuweza kumeza maji, lakini kuuliza aliweza. Sasa watu wamesahau. Ikiwa ni ugonjwa wa kuzaliwa, watasema kosa ni la aliyezaa. Wewe una kwenu. Oyugis ni hapo tu, wakikufukuza utapanda gari. Mimi pa kurudi sina."

Alisema bila ukali wowote, kama mtu anayemwelekeza mwenzake njia. Eucabeth alimchukia, akasimama pale akiwa ameishikilia hiyo chuki. Kisha akakitazama kichwa cha mume wake mapajani mwa yule mama, na mawe ya mvua yaliyokuwa yakiyeyuka mlangoni.

"Kwa hivyo nitaje nani?"

"Mtu wa mbali," Gesare alisema.

Hata hivyo Jumapili, wazee walipokutana uani kwenye viti vya plastiki vilivyoazimwa kanisani, Eucabeth alijaribu. Alisimama, akamwomba Obwocha amwulize Gesare mbele ya watu wote kama Gibson alilia siku ya kuzaliwa. Obwocha, mtu wa haki, akauliza.

"Alilia mpaka majirani wakaamka," Gesare alisema.

Papo hapo mtoto akalia ndani ya Gibson, kwa hasira, kwa muda mrefu, na wazee wote wakamgeukia Eucabeth kana kwamba ndiye aliyemfinya. Gibson alikuwa ameletwa nje amefunikwa blanketi. Kilio kilimtingisha, akakohoa, na kitambaa alichoshika kikawa chekundu. Alikikunja haraka kisionekane. Eucabeth alikwisha kuona.

Alimpenda mtu huyu. Alimpenda tangu siku alipompelekea sketi pale kibarazani aipunguze, na Gibson akatumia pumzi nne kumwambia kwamba sketi haina kosa. Angeweza kuondoka, magari ya Oyugis yalikuwepo kila saa. Lakini akiondoka, jina litakuwa halijatajwa, na jina lisipotajwa hakuna upasuaji.

"Ochanda," alisema.

Viti vya plastiki vililia. "Ochanda wa wapi?" Obwocha aliuliza.

"Wa Mbita."

"Anafanya kazi gani?"

Hakuwa amefikiria kazi; lililomjia ni dagaa wa ziwani. "Anauza omena," alisema.

Hakukuwa na Ochanda yeyote. Eucabeth hakuwahi kufika Mbita. Lakini wazee walipumua, mmoja akafuta macho, na Obwocha akampongeza kwa ujasiri wake na kuomba sala. Utakaso, walikubaliana, utangoja mgonjwa apate nguvu. Jioni ile Eucabeth aliruhusiwa kuingia sebuleni na birika la chai. Dawa za usaha zilikuwa zimeshamaliza homa tangu juzi yake, na Gibson alikaa mkavu mpaka kikombe kikaisha.

"Mmeona?" Obwocha aliwaambia watu. Walikuwa wameona.

Upasuaji ulifanyika kwa tarehe iliyopangwa. Kile kipande kilipotolewa kifuani na kuguswa na hewa kwa mara ya kwanza, kikalia, na nesi mmoja, ambaye zamani alifanya kazi wodi ya wazazi, akatazama saa ya ukutani kwa mazoea. Kilio kilipita mlangoni, kikafuata korido, kikakaa kwenye benchi alipokuwa Eucabeth, kikangoja pamoja naye. Gibson aliporuhusiwa kurudi Ikonge, kilio kilirudi nao.

Kikahamia jikoni. Kilipenda joto. Jioni kililia karibu na mafiga, na Eucabeth alipapasa ile hewa ya moto, akapigapiga, kikatulia. Naye alikuwa bado analala huko, kwa sababu utakaso ulikuwa umeahirishwa: kwanza mshono ukauke, kisha mtu wa dawa akafiwa na shemeji, kisha ikawa msimu wa kupanda. Wanawake wa kanisa walileta maziwa lala na uji wa wimbi, kama wanavyomletea aliyejifungua, wakavipitisha dirishani. Loice aliuliza mtoto anaitwaje. Eucabeth alisema hana jina. Loice akaenda akasema anaitwa wa Ochanda.

Gesare alipotoka kufungia kuku, alisimama nje ya ukuta wa jiko mtoto akilia, akaegemeza sikio kwenye udongo. Hakuingia. Eucabeth alikiona kivuli chake chini ya mlango, na hakumkaribisha.

Ochanda naye akaanza kuonekana. Mtu alimwona Nyaramba, mrefu, mwenye mkoba wa kahawia. Mwingine alimwona akiuliza njia karibu na kituo cha chai. Obwocha mwenyewe alikutana naye Keumbu akinunua parachichi, wakasalimiana, na Obwocha alisema, kwa kuwa hakupenda kumsingizia mtu, kwamba alijibiwa kwa adabu.

Gibson akapona. Sabato ya kwanza aliyosimama tena na kwaya, alishika sauti ya chini mpaka mwisho wa mstari, akapita mwisho wa mstari, na kiongozi wa kwaya akasahau kushusha mkono. Watu walilia. Eucabeth, kwenye benchi la nyuma, alilia kuliko wote, akaondoka kabla ya sala ya kufunga ili akapashe ndizi moto, kwa sababu alikuwa na hakika kwamba leo mume wake atakuja.

Alikuja kweli, na suti yake ya kanisani. Alisimama nje ya kizingiti cha jiko, mikono nyuma.

"Huyo Ochanda wa Mbita uliyemtaja mbele ya baba mdogo na wazee wote wakati nilikuwa siwezi hata kugeuka kitandani bila kushikwa," alisema, "mlijuana kabla hujaja kwangu, ama ni hapahapa Ikonge nikiwa kwa cherehani nikikushonea nguo?"

Hakuwa amesimama kuvuta hewa. Eucabeth alilitambua hilo kabla ya kuelewa alichoulizwa, na kwa muda mfupi alifurahi tu, kwa kuwa hakuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mfululizo.

"Hakuna Ochanda," alisema. "Nilimtoa kichwani. Ulikuwa unakufa, Gibson."

"Baba mdogo amemwona Keumbu."

"Hakuna mtu kama huyo."

"Alikuwa ananunua parachichi."

Karibu na mafiga mtoto akaanza kulia. Eucabeth alinyoosha mkono akampigapiga bila kugeuka, macho yake kwa mume wake. Gibson alikisikiliza kilio hicho kwa makini, kichwa kimeinama upande, kama anayetafuta kinafanana na cha nani. Usoni hakuwa na tone la jasho. Alisimama pale mlangoni, akipumua vizuri, akingoja jibu jingine.